Kasri la Msafiri: Wakfu, Mgeni na Mtumwa

Neno karavanserai limetokana na Kiajemi: karwan ni msafara, na saray ni kasri. Jina hilo halikuwa la kujikweza. Atokaye Konya kwenda Aksaray, katika nchi ya Uturuki, hadi leo hulikuta njiani jengo la Sultan Han, lililojengwa mwaka 1229 katika enzi ya Sultani Alaeddin Keykubad wa Kwanza, wa ukoo wa Waseljuki. Lango lake ni la marumaru iliyonakshiwa. Uani umo msikiti mdogo ulioinuliwa juu ya matao manne. Na nyuma yake ukumbi wenye paa, walimosetirika watu na wanyama wakati wa theluji. Kuta ni nene kama za ngome.

Majumba hayo yalipishana kwa mwendo wa ngamia wa siku moja, kiasi cha kilomita 30 hadi 40. Lakini jiwe peke yake halimlishi mgeni. Kilichomlisha ni wakfu, yaani mapato ya mali iliyofungwa daima kwa ajili ya nyumba hiyo. Hati ya wakfu ya Karatay Han, mashariki ya Kayseri, iliyoandikwa mwaka 1247, inaagiza kila mgeni apewe mkate, nyama na chakula kilichopikwa, awe Mwislamu au asiye Mwislamu, mwanamume au mwanamke, muungwana au mtumwa.

Sisi wa visiwani twaujua wakfu: kwao misikiti yetu ilisimama na visima vyetu vilichimbwa. Twaijua pia methali isemayo mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hata hivyo, njia iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji haikupata mfululizo wa nyumba za wakfu. Katika karne ya 19, mpagazi aliyebeba mzigo wa frasila 2 hivi alifika kambini jioni akakata miiba ya kuzungushia boma, kisha akajijengea kibanda cha nyasi. Ugogoni msafara ulitozwa hongo ndipo upite na kunywa maji. Pembe zilizopita njia hiyo zilijenga majumba ya mawe Unguja. Mabega yaliyozibeba yalilala nyasini.

Tusiipambe hati ya Karatay kupita kiasi. Haikumwacha mtumwa huru. Kulipokucha alimfuata bwana wake. Lakini kwa usiku mmoja sheria ilimhesabu kuwa mgeni, na sahani yake haikupunguzwa.

Mwaka 2023 UNESCO iliziingiza karavanserai 54 za Iran katika Urithi wa Dunia. Za mawe huhifadhika. Vibanda vya wapagazi wetu havikuacha ukuta, ila vimetuachia neno hongo, lililokuwa ushuru wa njia na ambalo leo ni jina la rushwa. Lugha nayo ni jumba la njiani: hupokea kila apitaye, na huweka alichokisahau.