Kura yetu na kiti cha gavana

Wengi wanatuuliza: gavana tulimchagua lini? Kwetu raia hapigii gavana kura yeye mwenyewe. Tarehe 29 Oktoba 2006 tulipanga mstari, tukapiga kura mbili siku moja: ya Rais, duru ya pili, na ya wabunge wa jimbo. Ni wabunge hao, Januari 2007, walimchagua Julien Paluku.

Uchaguzi wa 2018, Beni na Butembo walisogezwa mpaka Machi 2019, Rais ameisha kuapa. Mei 2021 tukawekewa gavana mwanajeshi. Desemba 2023 Masisi na Rutshuru hawakupiga. Wengi wetu tulikuwa kambini.

Basi kurudi nyumbani siyo mabati na mbegu tu. Ni kadi ya mchaguzi pia, na pahali pa kuitumia.