Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu: Mwalimu wa Pwani apate wapi vifaa vya kufundishia?

Mwalimu wa lugha ya kigeni katika shule zetu za Pwani mara nyingi huwa peke yake. Wa Kiingereza ana wenzake wa kuazimana vitabu, wa hesabu ana rundo la mitihani ya zamani, lakini wa Kifaransa au Kijerumani akitazama kushoto na kulia hana wa kumuuliza. Kitabu ni kimoja, na pengine ni chake mwenyewe. Wanafunzi huchoka, na ukifika wakati wa kuchagua masomo ya KCSE hukimbilia kwingine. Darasa likibaki na watoto sita, mwalimu mkuu huanza kuuliza kama kuna haja ya kuliendeleza. Ajabu ni kwamba haya hutokea hata Diani, Mtwapa na Watamu, ambako wako vijana wa ufuoni wasiopita darasa lolote la lugha, na wanaongea Kijerumani au Kiitaliano cha kutosha kuuza kinyago na kupatana bei.

Vijana hao walijifunza kwa sababu kila siku walikuwa na jambo la kumwuliza mtu, na jibu hawakulijua mpaka walisikie. Basi mwalimu anapoingia mtandaoni asitafute tu orodha za maneno na majedwali ya sarufi, maana hayo hata kitabu kile kimoja kinayo. Atafute kitu kitakachowafanya watoto waulizane.

Mtandaoni vifaa si haba. Shida ni kuchambua. Ukitafuta kwa Kiingereza utaletewa kurasa chungu nzima, na nyingi zinataka kadi ya benki kabla hujaona kitu. Njia bora ni kutafuta kwa lugha yenyewe unayofundisha, ukiongeza kiwango. Baraza la Ulaya lilitoa mwaka 2001 mfumo wa viwango sita, kuanzia A1 kwa anayeanza hadi C2 kwa aliyebobea, na karibu kila kifaa cha lugha za Ulaya sasa hubeba alama hizo. Mwalimu wa Kijerumani aandike "Arbeitsblatt A1 Uhrzeit pdf" kama anataka zoezi la saa. Wa Kifaransa aandike "fiche pédagogique A1 l'heure pdf", na wa Kiitaliano "scheda didattica A1". Wa Kiarabu aweke kibodi ya Kiarabu kwenye simu, kwani akitafuta kwa herufi za Kilatini atakosa mengi. Vifaa utakavyopata kwa njia hii vimetengenezwa na walimu kwa ajili ya walimu.

Kwa Kijerumani, pa kuanzia ni Deutsche Welle, shirika lile lile ambalo wengi wetu tunalijua kwa matangazo ya Kiswahili. Kozi yake ya Nicos Weg ni ya bure na inakwenda A1 hadi B1. Ni hadithi ya filamu kuhusu kijana Mhispania anayefika Ujerumani na kupoteza begi lake, na watoto hupenda kujua kitatokea nini. Shirika hilo pia hutoa habari zinazosomwa polepole pamoja na maandishi yake, ila hizo ziachie wanafunzi waliokwisha kwenda mbali. Kifaransa kina TV5Monde, yenye video fupi na mazoezi ya A1 hadi B2 na sehemu ya walimu yenye maandalizi ya vipindi. Redio RFI nayo ina taarifa ya habari ya dakika kumi kwa Kifaransa chepesi. Kwa Kiarabu, Al Jazeera ina tovuti ya mafunzo isiyolipiwa. Walio Malindi wanaofundisha Kiitaliano watazame ukurasa wa Kiitaliano kwa wageni wa kampuni ya vitabu ya Loescher. Kwa matamshi ya neno moja moja la lugha yoyote kati ya hizi iko Forvo, ambako wenyeji wa lugha wamerekodi sauti zao.

Haya yote hayafai kitu ikiwa unangojea kuyafungua darasani. Bando litaisha, au stima itapotea katikati ya kipindi. Pakua usiku ukiwa nyumbani au saiba, weka kwenye memori kadi, kisha ubebe spika ndogo. Spika moja darasani ni bora kuliko projekta ya shule iliyofungiwa stoo. Programu ya Anki, ambayo ni ya bure kwa Android na kwa kompyuta, hukumbusha msamiati kwa kadi na hufanya kazi bila intaneti. Kiwix nayo hukuwezesha kubeba kamusi na Wikipedia ya lugha unayoitaka ndani ya simu.

Sasa tuje kwenye shughuli za darasani, na nitachukua mfano wa saa, kwa sababu hapo mtoto wa Kiswahili ana mtego wake ambao hakuna kitabu cha Paris wala Berlin kitakachomwonya. Akiona saa moja asubuhi, kichwani mwake kuna moja. Mfaransa anataka saba: "il est sept heures". Mjerumani huongeza la kwake, kwani "halb acht" si saa nane na nusu, ni nusu ya kuielekea nane, yaani 7:30, ambayo sisi ni saa moja na nusu. Ukieleza hili ubaoni watakubali kwa vichwa na kesho watakosea vile vile.

Wafanye hivi. Watoto wawili wakae wakipeana mgongo. Mmoja ana ratiba ya mabasi ya Mombasa kwenda Malindi na Lamu yenye saa za kuondoka bila nauli, mwenzake ana nauli bila saa. Hakuna anayeruhusiwa kugeuka. Waulizane kwa lugha ya kigeni mpaka kila mmoja ajaze nafasi zake, kisha wageuke walinganishe. Aliyesikia "sept" akaandika 1 atajua mwenyewe kwamba basi limemwacha. Karatasi ile moja, ukiipiga fotokopi na kuikata katikati, inatosha watu wawili, na katika darasa la watoto hamsini wote wanasema kwa wakati mmoja. Kelele itakuwepo. Mwambie mwalimu wa darasa la pili mapema.

Tarakimu pia zina hazina yake hapa kwetu. Mjerumani husema "fünfundzwanzig", tano na ishirini, na wanafunzi hulalamika kwamba ni kinyumenyume. Waambie wawaulize wazee wao nyumbani, maana kwenye Kiswahili cha zamani cha Pwani kulikuwa na "khamsa wa ishirini", na Kiarabu bado huhesabu hivyo hivyo. Kwa mwalimu wa Kiarabu, sita, saba, tisa, ishirini, mia na elfu watoto wameshakuja nazo. Ni juu yake kuwaonyesha. Zoezi la kutafuta maneno ya namna hiyo nyumbani na sokoni halihitaji hata shilingi, na litaleta mpaka "meza" ya Kireno na "shule" ya Kijerumani.

Hata sauti ni hivyo. Ile "ch" ya "acht" ambayo wengi huiogopa ni "kh" ya anayesema kheri, na "r" ya Kifaransa inakaribia sana "gh" ya ghali. Atakayewasumbua ni "ü" ya Kijerumani na "u" ya Kifaransa. Hapo ndipo Forvo inapolipa: cheza neno mara tano, waige, rekodi kwa simu, kisha sikilizeni pamoja.

Kwa siku ambazo wamelala baada ya chakula cha mchana, imla ya kukimbia huwaamsha. Bandika maandishi mafupi ukutani nje ya mlango. Katika kila kikundi mmoja anakimbia, anasoma sentensi, anarudi kuisema, na wenzake wanaandika. Maandishi yaweza kuwa maelezo ya Fort Jesus utakayoyapata kwenye Wikipedia ya Kifaransa au Kijerumani na kuyapunguza yawe sentensi sita. Wikipedia inaruhusu kunakiliwa na kubadilishwa mradi utaje ulikotoa. Vitabu vya kampuni havina ruhusa hiyo, hata kama umevikuta kwenye kikundi cha WhatsApp.

Kuhusu mitihani, Goethe-Institut huweka karatasi za mfano za kila kiwango kwenye tovuti yake, na za DELF ya Kifaransa zipo kwa France Éducation international, zote bila malipo na nyingi zikiwa na sauti. Haziendi sambamba na KCSE, lakini sehemu ya kusikiliza ni mazoezi mazuri. Mwanafunzi wa A1 apewe ya A1, asirushiwe B1 kwa sababu tu mtihani umekaribia.