Shule Isiyo na Kengele

Ndugu wanachama, tunapohesabu shule zilizoinua watu wetu wa Machakos, yafaa tusisahau moja isiyo na jengo wala kengele, nayo ni mahali pa kazi.

Serikali ya kikoloni ilifungua shule yake hapa Machakos mwaka 1915, na mwaka 1924 ikaanzisha chuo cha ufundi huko Kabete. Huko Kabete vijana walifundishwa useremala, uashi na kazi nyingine za mikono, wakatoka mafundi. Lakini mpishi, dobi na yaya hawakuwa na chuo. Mpishi alianza kwa kuosha sufuria na kuchochea moto, huku akimtazama aliyemtangulia. Miaka ikapita, siku moja akaachiwa jiko. Mshahara wake mdogo ndio uliokuwa karo yake.

Je, ujuzi huo uliandikwa wapi? Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alichukuliwa alama za vidole, akavaa karatasi yake shingoni ndani ya kikopo cha bati. Iliandikwa jina la bwana, mshahara, siku ya kuingia na siku ya kutoka. Haikuandikwa kwamba ajua kuoka mkate. Asipotiliwa sahihi na bwana wake, hakuweza kuajiriwa kwingine. Yaya, kwa kuwa ni mwanamke, hakuwa hata na karatasi hiyo.

Wataalamu walichelewa kuitambua shule hii. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa juu ya Kenya, likasema kwamba shughuli ndogo ndogo zisizosajiliwa zina faida na zastahili msaada. Mwaka 1977 Kenneth King alichapisha kitabu juu ya mafundi wa Kiafrika wa nchi hii na jinsi walivyojifunza kazi. Kabla yake, mwaka 1975, Chuo cha Utalii kilikuwa kimefunguliwa Nairobi, na upishi na utumishi wa hotelini vikapata darasa na cheti.

Hata hivyo wengi wangali wanajifunza kwa kutazama. Basi kila mwanachama aliyeajiri mtu nyumbani au dukani, na amwandikie barua itajayo si miaka yake tu, bali kazi azijuazo. Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Lakini usipoandikwa, mwenyewe huzeeka akiitwa asiyejua kitu.