Ulinzi wa Vyuo Vikuu Tangu Paris Mpaka Garissa

Usalama wa chuo ukitajwa siku hizi, kinachomjia mtu kwanza ni ukuta, lango, na askari aliyeketi kibandani na daftari la wageni. Vitu hivi ni vichanga katika historia ya vyuo vikuu. Wanafunzi wa kwanza wa Bologna na Paris hawakuwa na ukuta wala hata nyumba ya chuo. Walipanga vyumba mjini, wakasikiliza masomo makanisani na katika kumbi za kukodi, wakala na kunywa pamoja na wenyeji wao, na mara nyingine wakapigwa na kuibiwa na wenyeji hao hao. Ulinzi waliokuwa nao ulikuwa wa maneno: hati yenye muhuri, na kiapo kilichoapwa mbele ya watu. Katika insha hii nakusudia kufuata yaliyoupata ulinzi huo wa maneno, jinsi ulivyogeuka kuwa nguvu za askari, na neno moja kubwa lililosahauliwa katika kugeuka huko. Safari yetu itaishia Garissa, ambako kusahau huko kulilipiwa kwa roho za watu.

Mwanafunzi wa zamani alikuwa mgeni, na mgeni hakuwa na ukoo wa kumtetea. Desturi mbaya ya miji ya Italia ilimruhusu mdai kumkamata mtu yeyote wa nchi ya mdeni wake na kumtoza deni asilolijua. Yapata mwaka 1155 Kaisari Frederick Barbarossa alitoa amri ya kuwakinga wanafunzi wa sheria na dhuluma hiyo, akawapa haki ya kuhukumiwa mbele ya mwalimu wao au askofu. Amri ile haikuleta askari hata mmoja. Ilimwambia mwenye mji tu kwamba mtu huyu asiyemjua anaye mwenyewe.

Paris ndiko jambo lenyewe lilikokomaa. Mwaka 1200 mtumishi wa mwanafunzi mmoja Mjerumani alitumwa kununua mvinyo, akapigwa na chombo chake kikavunjwa. Wajerumani wakakusanyika wakampiga mwenye duka hata wakamwacha taabani. Liwali wa mfalme, badala ya kuamua kesi, alichukua silaha pamoja na wenyeji akaivamia nyumba ya wanafunzi, na baadhi yao wakauawa. Walimu walipotishia kuuhama mji, Mfalme Philip Augusto aliingiwa na hofu; akamtia liwali gerezani na kuwaandikia wanafunzi hati.

Hati ile hutajwa sana kwa sababu ilimzuia liwali asimtie mwanafunzi mkononi ila kwa jambo zito, na hapo alazimike kumkabidhi kwa mahakama ya kanisa. Mimi naona kifungu kingine ndicho bora. Mfalme aliwaamuru wenyeji wa Paris waape kwamba mtu yeyote atakayemwona mwanafunzi akidhulumiwa atatoa ushahidi wa kweli, wala mtu asiondoke mahali pale makusudi ili asije akaona. Na kama mwanafunzi akipigwa kwa silaha, rungu au jiwe, wote waliokuwapo wamkamate mpigaji wamkabidhi kwa hakimu. Kila liwali mpya naye sharti aape mbele ya wanafunzi wenyewe kwamba ataishika hati. Basi mlinzi wa chuo, kwa maana ya asili, alikuwa kila mwenye macho, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuona na kusema. Tena alifungwa kwa kiapo kwa wale aliowalinda. Sijui kanuni ya ulinzi wa chuo iliyoandikwa baadaye iliyoipita hiyo.

Isidhaniwe kwamba fitina zilikoma. Mwaka 1229 askari wa malkia waliwaua wanafunzi wa Paris katika ghasia za sikukuu, na walimu wakatawanyika kwa miaka miwili. Lakini tuvuke bahari twende Uingereza, maana huko ndiko hati ya ulinzi ilikogeuka kuwa fimbo ya mtawala.

Oxford mwaka 1209 mwanafunzi mmoja alimwua mwanamke akatoroka. Wenyeji walipomkosa waliwashika wenzake waliokaa naye nyumba moja, wakawanyonga baadhi yao. Wanafunzi wakaukimbia mji. Wengine wakafika Cambridge, na huo ukawa mwanzo wa chuo cha pili cha Uingereza. Amani ilipopatikana mwaka 1214, mjumbe wa Papa aliwatoza wenyeji shilingi 52 kila mwaka kwa ajili ya wanafunzi maskini, na karamu ya kila mwaka kwa maskini 100 miongoni mwao. Juu ya yule mwanamke aliyeuawa sioni hata peni moja. Tangu hapo mizani ilikuwa imeinama upande mmoja.

Iliinama zaidi tarehe 10 Februari 1355. Wanafunzi wawili katika kilabu kiitwacho Swyndlestock, kwenye njia panda ya Carfax, waliulaumu mvinyo waliopewa; maneno yakazaa matusi, na matusi yakazaa chombo cha mvinyo kichwani mwa mwenye kilabu. Kengele ya kanisa la Mtakatifu Martini iliwaita wenyeji, na ile ya Mtakatifu Maria ikawaita wanachuo. Kengele mbili katika mji mmoja, kila moja ikiita upande wake! Siku za pili na ya tatu watu wa mashambani waliingia kuwasaidia wenyeji, na vita vilipotulia wanachuo wapatao 63 na wenyeji wapatao 30 walikuwa wamekufa. Mfalme Edward wa Tatu alikipa chuo amri juu ya bei na vipimo vya mkate na pombe ya mji. Meya na wakubwa wa mji wakatakiwa kila mwaka kwenda kanisani siku hiyo na kulipa peni moja kwa kila mwanachuo aliyekufa. Waliilipa fedhiha hiyo mpaka mwaka 1825. Chuo kilimpa meya shahada ya heshima mwaka 1955, miaka 600 baada ya mauaji, na mji nao ukamheshimu mkuu wa chuo.

Matokeo yake ni haya. Aliyeomba ulinzi akawa mwenye kulinda, na baada ya kitambo akawa mwenye kutawala. Maprokta, yaani wasimamizi wa nidhamu wa chuo, walipita njiani usiku na watumishi wao ambao wanafunzi waliwaita Bulldogs, jina la mbwa wasioachia wanachokiuma. Sheria ya mwaka 1825 iliviruhusu vyuo hivyo viwili kuwa na makonstebo wao, na wale wa Oxford walidumu mpaka mwaka 2003. Mwanafunzi aliogopa faini yao. Mwanamke wa mjini alikuwa na jambo kubwa zaidi la kuogopa.

Cambridge palikuwa na gereza liitwalo Spinning House, kwa kuwa wafungwa wake walikuwa wakisokotesha nyuzi. Mwanamke aliyeonekana na mwanachuo usiku na kushukiwa kuwa kahaba aliweza kukamatwa na maprokta, akahukumiwa na mkuu wa chuo pasipo wakili wala mashahidi wa upande wake. Mwaka 1846 kijana mmoja, Elizabeth Howe, alilazwa humo katika kitanda chenye unyevu, akaugua na kufa. Mwaka 1891 Daisy Hopkins, mwenye umri wa miaka 17, alipewa siku 14 gerezani kwa hatia iliyoandikwa kuwa ni kutembea na mwanachuo. Kesi ilipofika mahakama kuu ya London, majaji waliona kwamba kutembea na mtu si kosa katika sheria yoyote, wakamfungua. Bunge liliiondoa mamlaka hiyo ya chuo mwaka 1894. Kwa muda wa karne tatu na zaidi watu wenye elimu kuliko wote nchini waliita jambo hili ulinzi, na wengi wao hawakuona ajabu.

Mwaka huo huo wa 1894 chuo cha Yale huko Marekani kilipata askari wake wa kwanza, wawili kutoka polisi ya mji wa New Haven, na chanzo kilikuwa ni kile kile: uadui wa chuo na mji, uliowahi kuchochewa na tetesi kwamba wanafunzi wa uganga waliiba maiti makaburini. Vyuo vingine vya nchi hiyo vilifuata baadaye, vikapata polisi wenye bunduki, magari na vituo.

Walakini bunduki haikujibu swali la Paris. Tarehe 5 Aprili 1986, Jeanne Clery, mwanafunzi wa miaka 19 wa chuo cha Lehigh, alinajisiwa na kuuawa chumbani mwake na mwanafunzi mwenziwe aliyepita katika milango iliyoachwa wazi. Wazazi wake waligundua kwamba makosa mengi ya jeuri yalikuwa yametendeka chuoni hapo na hawakuambiwa. Chuo hakikukosa askari. Kilichokosekana kilikuwa habari. Kwa juhudi za wazazi hao ilitungwa sheria ya mwaka 1990, nayo yaitwa kwa jina la binti yao, inayokilazimisha kila chuo kinachopokea fedha za serikali kutangaza kila mwaka hesabu ya makosa yaliyotendeka humo, na kuwaonya watu mapema hatari ikiwapo. Hapa wenyeji wa mwaka 1200 wamerudi: asiondoke mtu ili asije akaona. Tena sheria hii ililenga udhaifu wa kweli, maana mkuu wa chuo huyaona makosa, akaogopa kuyasema asije akaharibu jina.

Kusema kuna wakati wake pia. Katika chuo cha Virginia Tech, tarehe 16 Aprili 2007, wanafunzi wawili walipigwa risasi bwenini saa moja na robo asubuhi. Onyo la kwanza lilitumwa kwa wanachuo zaidi ya saa mbili baadaye, dakika chache kabla ya muuaji yule yule kuanza kuwaua wengine 30 madarasani. Serikali ilikitoza chuo faini kwa kuchelewa.

Mwaka huo wa 1990 Marekani ilipotunga sheria yake, Afrika iliona kinyume chake. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, katika chuo kikuu cha Lubumbashi, mji wa Waswahili wa Kongo, umeme ulikatwa na watu wenye silaha wakaingia mabwenini. Siku hizo wanafunzi walikuwa wamewafichua na kuwapiga wenzao walioshukiwa kuwa wapelelezi wa serikali ya Mobutu. Idadi ya waliouawa haijakubaliwa mpaka leo. Serikali ilikiri mmoja tu, na wengine walitaja makumi. Giza lile lilikuwa sehemu ya silaha, kwani lilimwondolea kila mtu ushahidi. Anayesema kwamba chuo kikilindwa na dola kimesalimika, na aanze kwa kuulizia Lubumbashi.

Garissa ni habari nyingine, kwa kuwa huko adui alitoka nje kweli. Chuo kile kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi, katika mji ulioko njia ya Somalia, na kundi la Al-Shabaab lilikuwa limekwisha kushambulia mara nyingi upande huo wa Kenya. Siku chache kabla, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimewatahadharisha wanafunzi wake kwamba chuo kikubwa huenda kikashambuliwa. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, yapata saa kumi na moja na nusu, watu wanne wenye bunduki waliingia langoni wakiwaua walinzi, wakawakuta wanafunzi Wakristo katika sala zao, kisha wakaenda mabwenini wakiwabagua watu kwa dini. Kikosi maalumu cha polisi kilichoko karibu na Nairobi kiliingia chuoni jioni, na kilipoingia kilimaliza kazi kwa muda mfupi. Watu 148 walikuwa wamekufa, 142 kati yao wanafunzi. Msichana mmoja alipatikana hai kabatini baada ya siku mbili. Aliwadhania waliokuja kumwokoa kuwa ni wauaji, akakataa kutoka.

Baada ya hapo hofu yenyewe ikawa mhalifu. Siku kumi zilizofuata hazikwisha bila msiba mwingine: tarehe 12 Aprili, kabla ya mapambazuko, mlipuko wa hitilafu ya umeme ulisikika katika tawi la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi wakadhani wamevamiwa, wakaruka madirishani. Mmoja alikufa na zaidi ya 100 wakaumia, wala hapakuwa na adui. Tarehe 30 Novemba mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la usalama, na milio ya bunduki ikasikika. Wengi hawakuwa na habari kwamba ni maigizo. Watu walijitupa kutoka ghorofani, na mfanyakazi mmoja akapoteza maisha yake. Lilikuwa zoezi la ulinzi, lenye askari wa kutosha, na lililomwua mtu lilikuwa ni lile lile la kutoambiwa.

Chuo cha Garissa kilifunguliwa tena Januari 2016. Wanafunzi wengi walionusurika walikuwa wamehamishiwa Eldoret, na waliorudi mwanzoni walikuwa wachache sana. Walikuta kituo cha polisi kimejengwa ndani ya uwanja wa chuo.