Manju Mbele ya Kamera

Hapa Segese vijana hushangilia ngoma za Kisukuma zilizorekodiwa kwenye video; wazee wajuzi wa ngoma huzibeza. Mimi naegemea kwa wazee, kwa sababu ya kihistoria. Tangu karne ya 19, wafuasi wa Ngika na wa Gumha, yaani Bagika na Bagalu, walishindana kwa kucheza wakati mmoja, kila kundi upande wake wa uwanja. Watazamaji walihukumu kwa miguu: lililovuta umati ndilo lililoshinda. Desturi hiyo ingalipo katika Bulabo, kule Bujora. Manju alitunga huku akiuona umati ukimhama, au ukimjia. Katika video yuko peke yake. Mtazamaji hana pa kuhamia. Ila maneno yake, nakiri, husikika vyema kuliko katika vumbi la uwanja.