Historia ya Neno "Escheat" na Tafsiri ya Mali Isiyo na Mrithi

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza ambayo mtafsiri wa nyaraka za sheria hukutana nayo kwa nadra, na ambayo humtatiza kila yatokeapo, ni neno escheat. Maelezo yake mafupi ni kwamba mali ya marehemu asiye na mrithi huchukuliwa na serikali. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanaficha mengi. Katika makala hii tunakusudia kuifuata historia ya neno hili tangu asili yake, kwa kuwa lina maana tatu zinazotofautiana, na mtafsiri anayezichanganya aweza kumnyima mtu haki yake bila ya kujua.

Asili ya neno hili ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya "kuanguka". Kutoka Kilatini liliingia katika Kifaransa cha kale, likimaanisha kile kinachomwangukia mtu, yaani fungu lake. Wanormandi walioiteka Uingereza mwaka 1066 walitawala na kuhukumu kwa Kifaransa, na kwa njia hiyo neno likaingia katika sheria za nchi ile. Huko lilikuta mfumo wa ukabaila ambamo ardhi yote ilihesabiwa kuwa ya mfalme. Mfalme aliwagawia mabwana wakubwa, nao wakawagawia walio chini yao, kila mmoja akiishika ardhi kwa sharti la utumishi au malipo. Hakuna aliyekuwa na ardhi bila ya bwana juu yake isipokuwa mfalme mwenyewe.

Yafaa tuzingatie jambo hili, kwani ndilo lililolipa neno maana yake ya kwanza. Mshika ardhi alipokufa bila ya mrithi, ardhi haikubaki bila ya mwenyewe hata siku moja. Ilianguka kurudi kwa bwana aliyeitoa. Vivyo hivyo ilikuwa pale mshika ardhi alipohukumiwa kwa kosa kubwa la jinai, kwa kuwa sheria ilidai kwamba damu yake imeharibika na hawezi kurithiwa. Mkataba wa Magna Carta wa mwaka 1215 ulimruhusu mfalme kuishika ardhi ya mhalifu wa namna hiyo kwa mwaka mmoja na siku moja tu, kisha airudishe kwa bwana wake. Kosa la uhaini lilikuwa mbali na hayo. Ardhi ya mhaini ilikwenda kwa mfalme moja kwa moja. Kwa hiyo, katika maana yake ya asili, neno hili halikuhusu kuchukua kitu cha mtu mwingine. Lilihusu kitu kumrejea aliyehesabiwa kuwa mwenyewe tangu mwanzo.

Katika karne ya 13 mfalme alikuwa na maofisa maalumu wa kazi hii. Mshika ardhi wa mfalme alipofariki, ofisa huyo aliita baraza la wenyeji, akawaapisha, akawauliza marehemu alishika ardhi gani, kwa masharti gani, na mrithi wake ni nani na ana umri gani. Kazi yenyewe ilikuwa ya haki, lakini ilimpa ofisa nafasi kubwa ya kudhulumu, na sifa ya maofisa hao ikawa mbaya. Neno lilipofupishwa katika vinywa vya watu likawa cheat, na kufikia mwisho wa karne ya 16 neno hilo fupi lilikwisha kupata maana iliyo nayo leo ya kudanganya na kupunja. Shakespeare, katika mchezo wake wa kuchekesha uitwao The Merry Wives of Windsor, anazichezea maana hizo mbili katika maneno ya Falstaff, mhusika anayepanga kujipatia fedha kwa hila. Hivyo neno moja limezaa mawili: moja likabaki katika vitabu vya sheria, la pili likaenda sokoni. Wananchi waliitafsiri kazi ya ofisa kama walivyoiona, si kama ilivyoandikwa.

Baada ya hapo misingi ya ukabaila ilianza kuondolewa mmoja baada ya mwingine. Sheria ya mwaka 1290 ilizuia kuundwa kwa mabwana wapya wa kati, na kadiri vizazi vilivyopita ardhi nyingi zaidi zikawa na bwana mmoja tu, naye ni mfalme. Mwaka 1660 utumishi wa kivita uliofungamana na ardhi ulifutwa. Mwaka 1870 ukafutwa urejeo wa ardhi kwa sababu ya jinai, na mwaka 1925 ule wa kukosa mrithi. Tangu hapo mali ya Mwingereza asiye na mrithi wala wosia huchukuliwa kwa dhana nyingine, iitwayo kwa Kilatini bona vacantia, yaani mali tupu isiyo na mwenyewe. Neno la zamani halikufa kabisa nchini humo. Bado hutumika, kwa mfano, pale mfilisi anapoikataa ardhi yenye madeni kuliko thamani.

Hii ndiyo maana ya pili, na tofauti yake na ile ya kwanza si ndogo. Katika ile ya kwanza, dola inapokea kilicho chake. Katika hii ya pili, dola inapokea kisicho cha mtu, ili kisigombewe. Nchini India tofauti hiyo ilikuwa na uzito wa kisiasa. Katikati ya karne ya 19 Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki ilitwaa falme za Satara (1848), Jhansi na Nagpur (1854), kwa madai kwamba watawala wake wamekufa bila ya mrithi. Jhansi ilikuwa na mrithi wa kupanga, lakini Kampuni haikumtambua. Ni dhahiri kwamba anayesema "imerejea" amekwisha kudai kuwa kitu kilikuwa chake. Katiba ya India ya mwaka 1950, katika ibara ya 296, imeziweka pamoja njia zote tatu, yaani urejeo, ukomo wa haki na mali isiyo na mwenyewe, ili isiwepo mali itakayoponyoka kwa sababu ya jina.

Maana ya tatu imekulia Marekani. Huko majimbo yalilipanua neno hadi likagusa fedha zilizolala katika benki, hundi zisizochukuliwa, na malipo ya bima yasiyofuatwa. Mwaka 1954 iliandikwa sheria ya mfano juu ya mali ya namna hiyo ili majimbo yafanane. Hapa mwenye mali aweza kuwa hai na mzima. Amesahau tu, au amehama. Kwa kawaida jimbo huwa mtunzaji, na mwenyewe akijitokeza na ushahidi hurudishiwa.

Sasa tuitazame lugha yetu. Dhana ya mali isiyo na mrithi si ngeni kwa Waswahili. Sheria ya mirathi ya Kiislamu ina neno baitulmali, hazina ya Waislamu ambayo mali ya asiye na warithi huingia humo. Hata wanazuoni walitofautiana: wafuasi wa Shafi, ambao ndio wengi katika pwani yetu, waliihesabu baitulmali kuwa mrithi, na wafuasi wa Hanafi wakaiona kuwa mtunzaji tu. Swali ni lile lile lililowakabili Waingereza. Hata hivyo, neno baitulmali limefungamana na dini, na haliwezi kusimama badala ya mfuko wa serikali isiyo na dini.

Nchini Kenya, Sheria ya Urithi huelekeza mali ya asiye na jamaa wa kumrithi iwe ya serikali na iingizwe katika mfuko wake mkuu, na Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 62, huihesabu ardhi ambayo mrithi wake hawezi kutambuliwa kisheria kuwa ardhi ya umma. Hiyo ni maana ya pili. Sheria ya mwaka 2011 juu ya mali za kifedha zisizodaiwa ni maana ya tatu. Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 huitamka ardhi yote kuwa ya umma, chini ya Rais kama mdhamini wa wananchi. Mtafsiri asidanganyike hapa akadhani amekutana na maana ya kwanza, kwani mdhamini si bwana wa ardhi. Hushika kwa niaba ya wengine.

Kwa hiyo twapendekeza istilahi tatu, wala si moja. Katika maandishi ya historia ya ukabaila, tuseme "urejeo wa ardhi kwa bwana". Katika sheria za mirathi, tuseme "mali isiyo na mrithi kuwa ya serikali". Katika mambo ya benki na bima, tuseme "mali isiyodaiwa". Kosa la hatari zaidi ni kuitia ya tatu katika maneno ya pili. Mjane anayepokea barua isemayo kwamba fedha za marehemu mumewe "zimekuwa za serikali" atalia na kunyamaza. Akiambiwa kwamba ni "mali isiyodaiwa, inayotunzwa na serikali", atatafuta cheti cha ndoa na kwenda kudai.

Kabla ya kuliandika neno hili kwa Kiswahili, basi, mtafsiri na ajiulize mambo matatu: mali hii ilikuwa ya nani kabla ya kifo; mrithi hayupo, au hajulikani tu; na je, anayo bado haki ya kuidai?