Ngoma Iongozayo: Kidum wa Bujumbura na Bendi Yake

Katika Kirundi neno ingoma lina maana mbili: ngoma ipigwayo, na ufalme. Wapigaji wanapokusanyika, ngoma moja iitwayo inkiranya huwekwa katikati. Amashakwe hushikilia mdundo usiokatika, na ibishikizo huifuata inkiranya. Kiongozi basi yumo kati ya wenzake, naye huongoza kwa kupiga. Ufalme wa Burundi ulikomeshwa mwaka 1966, lakini wazo hilo la uongozi halikuzikwa pamoja nao.

Twaliona, kwa sura nyingine, katika maisha ya Jean-Pierre Nimbona, ajulikanaye kwa jina la Kidum. Alizaliwa mwaka 1974 huko Kinama, mtaa wa Bujumbura, akaanza kupiga dramu angali mtoto. Mwaka 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, vita vikazuka, na mwaka 1995 Kidum akahamia Kenya. Albamu yake ya kwanza, Yaramenje, ilitoka mwaka 2001. Huko Nairobi mpiga dramu huyo alikuwa mwimbaji na kiongozi wa kundi lake, Boda Boda Band.

Si ajabu mpiga dramu kuwa kiongozi. Art Blakey wa Marekani aliongoza kundi dogo la Jazz Messengers kwa zaidi ya miaka 30, hadi alipofariki mwaka 1990, naye aliketi nyuma ya vijana wake. Katika kundi dogo hakuna pa kujificha. Mpiga dramu akipunguza kishindo, mwimbaji husikika. Akizidisha, wote hupanda naye. Lakini asiposikiliza, bendi husambaratika mbele ya watu. Sisi wa Afrika Mashariki tulilichukua neno jazz tukalivika bendi zetu za dansi, kama Morogoro Jazz na NUTA Jazz, ingawa muziki wao haukuwa ule wa Blakey. Wala wa Kidum si huo. Kinachowaunganisha ni kazi ile ile ya kuongoza kwa sikio, muziki ukipigwa papo hapo.

Kwa walimu wa Kiswahili kuna jambo la pili. Kiswahili ni lugha ya siku nyingi mjini Bujumbura, hasa mtaani Buyenzi, na ndicho kilichompa Kidum wasikilizaji nje ya kwao. Aliimba Haturudi Nyuma pamoja na Juliana Kanyomozi wa Uganda, na Nitafanya pamoja na Lady Jaydee wa Tanzania. Mkimbizi aliyepoteza mji alipata ukumbi mpana zaidi, bila kuiacha lugha ya mama yake.

Ngoma za kifalme ziliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014. Miaka mitatu baadaye, 2017, amri ya Rais iliwakataza wanawake kuzipiga, ikavitaka vikundi vipate kibali cha serikali. Hapo maana mbili za ingoma zilikutana tena: utawala uliishika ngoma. Kwa maoni yetu, inkiranya yafundisha kinyume cha hayo. Anayekaa katikati hufuatwa kwa sababu wenzake wanamsikia naye anawasikia. Nchi iliyotoka vitani yahitaji viongozi wa namna hiyo kuliko walinzi wa ngoma.